Jack Sheppard Alitoroka Jela Mara Nne, Mashabiki Hakuweza Kuwatoroka

Wasee, leo si story ya simu mpya wala ugomvi wa maseleb. Leo nataka tubishane kuhusu jamaa wa London aliyenyongwa mwaka 1724 akiwa na miaka 22. Umri wangu kabisa. Anaitwa Jack Sheppard, na kila nikimtaja kwa video zangu komenti ni zile zile: huyo ndiye mfalme, huyo ndiye mtoto wa ghetto aliyewaonyesha wakubwa. Sikatai alikuwa moto. Ninachosema ni kwamba kamba ilivutwa na serikali, lakini waliomsindikiza mpaka chini ya ile kamba ni mashabiki wake. Ngoja nieleze kabla hujaanza kunitusi.

Jack alizaliwa Spitalfields, mashariki mwa London, mtaa wa watu wa kuhangaika. Baba alikufa Jack akiwa mdogo, akapelekwa nyumba ya maskini. Baadaye mathe alikuwa anafanya kazi kwa mwenye duka la vitambaa, William Kneebone, na huyo Kneebone ndiye aliyemfundisha Jack kusoma na kuandika. Shikilia hilo jina. Mwaka 1717 Jack akawekwa kwa fundi seremala, Owen Wood, mkataba wa miaka saba. Alikuwa mfupi, futi tano na inchi nne hivi, ila mikono yake ilikuwa na akili yake yenyewe. Halafu kukaja baa moja pale karibu na Drury Lane, Black Lion, na ndani ya baa kulikuwa na dem, Elizabeth Lyon, mtaani wakimwita Edgworth Bess. Pombe, mbogi, vijiko vya fedha kupotea. Agosti 1723 akamwacha fundi wake. Mkataba ulikuwa umebakisha miezi tu.

Nilipofika hapo niliweka simu chini kidogo.

Mnajua mimi niliacha chuo nikiwa nimebakisha semista mbili. Mnajua kwa sababu nilirekodi: mimi, begi mgongoni, natoka geti bila kuangalia nyuma. Ile video ndiyo iliyonifanya mnijue. Mlisema nimetoboa, mlisema mko nyuma yangu. Sasa niwaambie kitu sikuwahi kusema kwa kamera. Nilikuwa na madeni ya karo na nilikuwa nimefeli somo mbili. Hakuna ushujaa wowote pale getini. Lakini komenti zilipoanza kumiminika, hata mimi nikaanza kuamini ile version yenu.

Turudi London. Aprili 1724 Jack anashikwa, anafungiwa kituoni St Giles. Ndani ya masaa machache ametoboa dari na kushuka. Nje watu wamejaa wakiangalia paa, wamesikia kelele. Jack, pingu bado ziko mwilini, anajichanganya na umati, anawaonyesha kidole juu kwamba mfungwa yule pale. Halafu anayeyuka! Manze, hiyo hata mimi ningeilaiki mara mbili. Mwezi uliofuata akashikwa tena pamoja na Bess. Wakakata vyuma vya dirisha, wakashuka kwa mashuka, wakapanda geti la futi ishirini na kitu, wakaenda zao.

Julai akavunja nyumba. Nyumba ya nani? Ya Kneebone. Yule yule aliyemfundisha kusoma. Watu wanaomwita Jack mtetezi wa maskini huwa wanaipita hii sehemu kwa kasi sana.

Alihukumiwa kifo Agosti, akafungwa Newgate, gereza ambalo jina lake tu lilitosha kukutoa jasho. Akatoka akiwa amevaa nguo za kike, wageni wake wakiwazubaisha walinzi. Akapelekwa mashambani, akakaa siku chache tu, akarudi mjini. Wakamshika tena. Safari hii wakamfungia chumba cha juu, wakamfunga minyororo sakafuni. Usiku wa tarehe 15 Oktoba akafungua pingu kwa msumari, akatoboa bomba la moshi, akachomoa chuma kilichokuwa ndani na kukitumia kuvunja mlango baada ya mlango, gizani, bila hata mshumaa. Kufika paani akagundua hana kamba. Sasa hapa ndipo huwa nanyoosha mikono juu: alirudi. Njia yote, mpaka ndani ya ile seli, akachukua blanketi, akapanda tena, akashukia paa la jirani, akapita ndani ya nyumba yao kimya kimya na kutoka mlangoni kama mgeni aliyechelewa kuondoka.

London ilichizi. Na hapa ndipo pesa inaanza kuongea. Walinzi walikuwa wakitoza wakubwa shilingi nne kila mmoja kuja kumwona Jack akiwa na minyororo. Wachapishaji walikuwa wakiuza maisha yake kabla maisha yenyewe hayajaisha. Wengi wanasema Daniel Defoe, yule wa Robinson Crusoe, alikuwa na mkono ndani. Alipokamatwa tena, mchoraji wa mfalme, James Thornhill, alienda gerezani kuchora uso wake. Kila mtu alikuwa anakula kwa Jack isipokuwa Jack.

Lakini alikuwa nje! Hicho ndicho kinaniuma. Oktoba ile alikuwa na karibu wiki mbili za uhuru. Alijificha kwenye banda la ng'ombe huko Tottenham, akampata fundi viatu aliyekubali kumkata minyororo kwa pesa. Barabara zilikuwa wazi. Angeenda mbali, angekuwa seremala mahali fulani, angezeeka akiwa na kitambi. Badala yake tarehe 29 akavunja duka la rehani pale pale Drury Lane, akachukua suti nyeusi ya hariri, upanga wa fedha, saa, pete ya almasi, na nywele bandia za kitajiri. Akavaa vyote. Akakodi gari la farasi. Inasimuliwa alipita chini ya lango la Newgate lenyewe akiwa amejibwaga ndani na wanawake wawili. Usiku akakunywa baa moja hadi nyingine, kila mtu akimtambua, na alfajiri ya tarehe 1 Novemba wakamwokota akiwa amelewa chakari.

Mtu mwenye akili ya kukumbuka blanketi hakosi akili ya kujificha. Alitaka aonekane. Ukishazoea kelele za watu, banda la ng'ombe linakuwa kimya kuliko kaburi.

Tarehe 16 Novemba wakampeleka Tyburn. Makadirio ni watu laki mbili barabarani, thuluthi ya jiji. Wanawake wanalia, watu wanarusha maua, kitabu cha maisha yake kinauzwa pale pale. Kulikuwa na matumaini ya mwisho: mwili wake ulikuwa mwepesi, na watu waliwahi kunyongwa wakashushwa wakazinduka. Marafiki walipanga wauchukue mwili haraka, wamkimbize kwa daktari. Lakini umati ukadhani hao ni watu wa madaktari wa upasuaji, wanataka kumpasua shujaa wao. Wakauzingira mwili, wakaukatalia. Wakampigania kwa upendo wote mpaka dakika zikaisha.

Hiyo picha sijaweza kuitoa kichwani.

Najua mtaniambia sheria ya wakati ule ilikuwa ya kishetani, na ni kweli. Kuiba ndani ya nyumba mali ya shilingi arobaini kulitosha kukunyonga. Na aliyemwinda Jack, Jonathan Wild, alikuwa anajiita mkamataji mkuu wa wezi huku yeye mwenyewe akiwaendesha wezi, akiwarudishia watu mali yao kwa malipo, na kuwauza vijana wake kwa zawadi ya serikali. Watu walikuwa na haki ya kumshangilia yeyote aliyemchafulia Wild siku. Wild mwenyewe alinyongwa Mei 1725, na umati ukamrushia mawe na uchafu. Sawa. Ila kushangilia ni kazi rahisi. Jack alipokuwa bandani Tottenham, hakuna shangwe iliyomwambia kaa hapo hapo, tutakusahau, na ni sawa. Na wiki mbili hazijaisha tangu azikwe, jukwaa la Drury Lane lilikuwa tayari linaonyesha mchezo wa Jack Sheppard. Tiketi zikauzwa.

Wiki jana kijana mmoja aliniandikia inboksi. "Brathe, umenipa moyo, Ijumaa natoka chuo, nitakutag." Nikamuuliza amebakisha nini. Akasema semista moja. Nikamweleza yote, karo, zile somo mbili nilizofeli, na kwamba mwaka huu nimeenda mara mbili ofisi ya usajili kuuliza kama wanaweza kunirudisha, nikiwa nimevaa kofia na maski ili nisirekodiwe na mtu.

Ameisoma. Hajajibu. Ijumaa ni kesho kutwa.