Kupiga Picha za Maua kwa Kamera Ndogo

Wako watu wasemao ya kuwa kupiga picha za maua ni kazi ya matajiri. Husema kwamba mtu asiye na kamera ya bei kubwa, yenye vioo vingi vya kubadilisha na miguu mitatu ya kuisimamishia, afadhali asijisumbue. Maneno hayo husikiwa hata shuleni, na mwanafunzi aliyeazimwa simu ya baba yake, au aliyepewa kamera kuukuu na mjomba wake, huyasadiki. Huiweka chini, akangojea siku atakayopata fedha. Kungojea huko ni hasara tupu. Ua la mboga hufunguka alfajiri na kujifumba kabla ya adhuhuri, wala halifunguki tena. Na kijana aliyengojea miaka mitano ili anunue kamera njema, ataishika siku hiyo bila kujua hata jua likae upande gani.

Katika nchi ya Ujerumani alikuwako mtu mmoja, jina lake Karl Blossfeldt, aliyezaliwa mwaka 1865. Katika ujana wake alijifunza kazi ya kusubu chuma, na baadaye akawa mwalimu wa sanaa mjini Berlin. Hakusomea kazi ya kupiga picha. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi mimea ilivyoumbwa, wapate kuchora na kufinyanga kwa kuitazama. Na kwa kuwa mimea hunyauka upesi, na sehemu zake nyingine ni ndogo mno, aliona vema kuipiga picha na kuikuza. Kamera yake aliitengeneza mwenyewe kwa mbao, na sehemu nyingine za mimea alizionyesha zimekuzwa hata mara 30. Hakutafuta maua ya bustani za wakubwa. Mimea yake mingi aliichuma kando ya barabara na kando ya njia za reli, magugu ambayo mkulima angeyang'oa bila kuyatazama mara ya pili. Aliuweka kila mmea mbele ya karatasi isiyo na urembo, akauacha upate nuru ya utaratibu, asiwe na haraka.

Ajabu ni yale yaliyoonekana. Kangaga changa, ambalo halijakunjuka, lilitokea kama bakora ya askofu. Vikono vya mmea wa mboga, vile vinavyojisokota penye uzio, vilionekana kama chuma kilichopindwa na mhunzi hodari. Blossfeldt alifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya 30, na watu wa nje ya shule yake wachache tu waliijua, hata mwaka 1928 picha zake 120 zikatolewa katika kitabu kiitwacho Urformen der Kunst. Naye wakati huo alikuwa amekwisha pita miaka 60. Kitabu kilisifiwa sana, na baada ya kifo chake mwaka 1932 sifa hiyo haikupungua. Wanaosema kwamba kifaa cha bei kubwa ndicho kifanyacho picha, na watazame kwanza vikono vile vya mboga.

Hata kamera za kununuliwa zilianza kuwa rahisi zamani. Mwaka 1900 kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani ilitoa kisanduku kidogo kiitwacho Brownie, kwa bei ya dola 1 tu, watoto nao wapate kukitumia. Lakini kwa mpenda maua kisanduku hicho kilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Kioo chake hakikuweza kusogezwa mbele wala nyuma, kwa hiyo kitu kilichokuwa karibu mno kilitoka kama kimefunikwa na ukungu. Dawa yake ilikuwa kutia kioo kingine cha kukuzia mbele ya kile cha kwanza. Simu nyingi za leo zina upungufu wa namna hiyo hiyo, ingawa si mkubwa kama ule, na dawa ni ile ile. Kioo cha kukuzia chapatikana kwa fedha kidogo. Na hata miwani ya kusomea ya babu yafaa, kama babu ameridhia. Kisha mtu husogea mbele na kurudi nyuma polepole, mpaka ua lionekane wazi. Ile desturi ya kusimama mbali na kuitanua picha kwa vidole haifai, maana simu nyingi za bei ndogo hazilikuzi ua lenyewe, bali huchukua kipande cha picha na kukitanua, na picha iliyotanuliwa hupoteza vitu vyake vidogo.

Lakini jambo kubwa kuliko vioo vyote ni nuru, nayo haiuzwi dukani. Katika nchi za jua kali, wengi hutoka kwenda kupiga picha saa sita mchana, wakidhani ya kuwa nuru nyingi ndiyo nuru njema. Sivyo. Jua la utosini hufanya vivuli vyeusi kama wino, na petali za manjano au nyeupe huwaka hata zisionekane mishipa yake. Afadhali kutoka saa moja asubuhi, au siku ya mawingu, wakati nuru ijapo kutoka pande zote kwa upole. Ikiwa jua limekwisha panda, rafiki mmoja asimame alikinge ua kwa kivuli chake, na mwingine ashike karatasi nyeupe upande wa pili ili irudishe nuru kidogo. Naye mpiga picha apige magoti. Ua likitazamwa kutoka juu, kama kuku amtazamavyo sisimizi, haliwezi kuonyesha umbo lake.

Mwanafunzi akilipiga ua la mboga kwa njia hiyo kila asubuhi kwa juma moja, ataona asiyoyaona mama yake akichuma majani yake kwa mapishi. Ataona ya kuwa chini ya maua mengine pana boga dogo sana, na chini ya mengine pana kikonyo chembamba tu. Yale ya kwanza ni majike, na haya ya pili ni madume. Somo hilo huandikwa katika vitabu, lakini aliyelipata kwa kupiga magoti shambani halisahau upesi.

Ni kweli kwamba kifaa kidogo hakiwezi yote. Hakimpati nyuki arukaye, wala ua lililo juu ya mti mrefu. Na upepo ukivuma, picha huharibika. Mwenye kutaka hayo ana sababu ya kuweka akiba. Lakini anayeanza hana haja nayo, maana bado hajayamaliza yaliyo mlangoni pake.

Kuna jambo moja ambalo anayeanza leo asimfuate Blossfeldt, nalo ni kuikata mimea. Magugu ya njiani hayakupungukiwa, lakini si kila ua ni gugu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala Mjerumani wa wilaya ya Tanga, aliliona katika nchi ile ua dogo la rangi ya urujuani, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Hivi sasa ua hilo huuzwa katika vyungu duniani kote, na watu wengi huliweka dirishani bila kujua lilikotoka. Lakini huko kwao, katika misitu ya Usambara, mahali pake pamepungua kwa sababu miti ilikatwa, na aina zake nyingine zimo hatarini kutoweka. Humea penye miamba yenye kivuli na unyevu, mahali ambapo mkono wa mtoto wafika kwa urahisi na kung'oa. Mwenye simu ndogo aweza kuinama hapo, akaiegemeza juu ya jiwe ili isitikisike, akapiga picha yake, na mche ukabaki penye mwamba kwa ajili ya yule atakayepita mwezi ujao.