Mwacheni samaki, mezeni kidonge

Mwezi huu tuongelee kujikuna. Sio kule kwa siku mbili baada ya kuumwa na mbu, hapana. Nazungumzia mabaka yanayovimba na kuwasha, leo mapajani, kesho mgongoni, keshokutwa mdomo umevimba kama uliong'atwa na nyuki. Miezi inapita, na ndani ya nyumba maneno yanaanza: kala nini? Katoka wapi? Au ndiyo 'ngoma' imeingia?

Jamani, tushushe presha. Hali hii inaitwa urtikaria, na ikijirudia kwa zaidi ya wiki 6 inahesabiwa kuwa sugu. Haiambukizi. Laleni shuka moja, kumbatianeni, hakuna atakayempa mwenzie.

Shoga yangu mmoja aliacha samaki, akaacha mayai na maziwa, mwisho akabaki na wali na mchicha. Alikonda, mabaka yakabaki palepale. Mumewe akahamia sebuleni. Anasema kilichomuuma zaidi ni lile godoro la sebuleni, sio ngozi.

Ukweli ni kwamba kwa mabaka ya muda mrefu, chakula ni nadra kuwa chanzo. Mara nyingi kinga ya mwili yenyewe inachokoza seli fulani za ngozi, zinamwaga kemikali iitwayo histamini, basi ngozi inavimba. Kila baka hupotea ndani ya saa 24, jingine linachomoza kwingine. Mawazo mengi, joto, nguo za kubana, na dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni vinaweza kulichochea.

Sasa tiba. Wengi humeza kidonge wakiwashwa tu. Sivyo. Dawa za mzio zisizoleta usingizi sana, kama setirizini na loratadini, humezwa kila siku, hata ngozi ikiwa imetulia. Zisipotosha, daktari anaweza kupandisha dozi hadi mara 4. Daktari, sio wewe. Mjamzito aulize kwanza. Ikishindikana kabisa ipo sindano ya omalizumabu, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani kwa tatizo hili mwaka 2014, ila bei yake si mchezo. Vidonge vya steroidi ni vya siku chache tu. Ukivizoea vinaweza kukuletea kisukari na mifupa dhaifu.

Baka likiganda mahali pamoja zaidi ya siku moja, likiuma au likiacha alama, mwambie daktari. Ulimi ukivimba au pumzi ikibana, hospitali muda huohuo.

Habari njema: kwa wengi hali hii huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka 1 hadi 5. Ni safari ndefu kutembea peke yako. Kwa hiyo shemeji, mpige mwenzio picha za mabaka kwa simu, maana mkifika kwa daktari huenda yameshapotea. Mkumbushe kidonge chake. Na usiku, rudi chumbani.