Wakili wa Kesi za Biashara: Ulimi na Amana



Msomaji wetu mmoja wa Isiolo, afanyaye biashara ya mbuzi, ametuletea swali ambalo wazazi wengi wa huku Pwani wanalo pia. Binti yake amemaliza kidato cha nne na ataka kuwa wakili wa kesi za biashara. Baba anachelea: je, huko si kufundishwa kuitetea batili kwa ujira?

Hofu hiyo haikuzuka bure. Mtume wetu (s.a.w.) aliwatahadharisha waliomjia na ugomvi wao kwamba hakimu huamua kwa anayoyasikia, na kwamba mwenye ulimi mwepesi akishinda kwa haki ya mwenziwe, alichokipata ni moto. Maneno haya yamlenga mdai, na wakili amsemeaye hana pa kujificha. Hata hivyo, kabla ya kumzuia binti, na tuitazame kazi yenyewe.

Masomo yake si mafupi. Shahada ya sheria huchukua miaka 4. Kisha mwanafunzi huingia Kenya School of Law, hufanya mitihani, na hukaa miezi 6 chini ya wakili mzoefu akijifunza kwa vitendo. Ndipo huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuandikwa katika orodha ya mawakili. Na kila mwaka hana budi kuchukua cheti kipya cha kufanyia kazi. Wala njia hii haikufungwa kwa mabinti. Abida Ali-Aroni aliongoza Tume ya Kurekebisha Katiba, akawa jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 2022 akapanda Mahakama ya Rufani.

Wengi hudhani wakili hulipwa kwa kunena. Kwa hakika sehemu kubwa ya kazi yake ni karatasi. Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ampa mnunuzi mbuzi 40 kwa ahadi ya kulipwa baada ya mwezi. Mwezi wapita, mnunuzi asema alipokea 30, na thamani yake amekwisha kuilipa. Wakili ataanza kwa kuuliza: hati iko wapi? Nani alishuhudia? Ujumbe wa malipo katika simu ungalipo? Ataandika barua ya kudai, na isipojibiwa atapeleka mahakamani hati ya madai pamoja na maelezo ya mashahidi na nyaraka zote, ili upande wa pili ujue mapema unashitakiwa kwa lipi. Hata ujumbe wa simu hautoshi peke yake: Sheria ya Ushahidi yataka cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kuhifadhiwa. Siku ya kusikizwa, maswali yake kwa shahidi huzaliwa na karatasi hizo. Asiyekuwa nazo, ufasaha haumfai kitu.

Mambo mawili yafaa kila nyumba iyajue. Kwanza, deni la biashara si kazi ya Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba chaiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yaitaka imalize shauri kwa siku 60. Pili, dai la mkataba hufa baada ya miaka 6. Anayenyamaza kwa kuona haya huenda akaipoteza haki yake yote.

Hapa ndipo tunapoiona hekima ya Suratul Baqara, aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambayo yatuamrisha tuandike deni na muda wake, tuweke mashahidi, wala tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Kesi nyingi hupotea sokoni, siku ya kupeana mkono, kabla hakimu hajazisikia. Wakili mwema huuliza kile ambacho aya ilikwisha kutuagiza.

Mtihani wa wakili u mahali pawili. Fedha za mteja ni amana, na kanuni zataka ziwekwe katika akaunti mbali na zake mwenyewe. Na ulimi wake ni amana pia: haruhusiwi kuipotosha mahakama kwa jambo alijualo kuwa ni uongo. Kisha iko sulhu, ambayo Katiba katika kifungu cha 159 yazitaka mahakama ziihimize. Wakili amchaye Mungu humwambia mteja wake akubali sulhu ya haki, hata kama kesi ndefu ingemletea ujira mkubwa zaidi.

Basi jibu letu kwa mzazi huyu ni hili: mwache asome. Batili haihitaji wakili ili isemwe; wenye haki wasiojua kuisema ndio wamhitajio. Naye baba aanze leo kumfunza kazi hiyo nyumbani: kila auzapo mbuzi kwa mkopo, amwite binti aandike.

Wabillahi tawfiq.