Usilipie shati jeupe, lipia mwalimu

Wiki jana jamaa wa Ruiru alinitumia DM: "Bro, mathe ameuza ploti. Niende shule gani ya urubani?" Chini aliweka picha tatu za shule moja. Shati jeupe, mistari mabegani, ndege nyuma. Picha ya darasa? Hakuna hata moja.

Mimi si rubani. Ni msee wa Thika aliyeacha campo mwaka wa pili. Lakini kulipa karo bila kuuliza maswali, hiyo naijua vizuri. Kozi yangu niliichagua kwa sababu jina lake lilisikika poa. Buda akalipa, na hadi leo hatujawahi kuiongelea. Ndo maana nilimjibu huyu jamaa kwa urefu. Na wewe soma.

Kwanza, kabla hujalipa hata soo, nenda upimwe na daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Leseni ya kibiashara inataka cheti cha afya cha Daraja la Kwanza. Afadhali uambiwe hapana na daktari pesa ya ploti ikiwa bado benki.

Pili, elewa kwamba shule haikupi leseni. Mtihani wa nadharia ni wa KCAA: sheria za anga, hali ya hewa, kusoma njia, injini na mengine. Shule yenyewe lazima iidhinishwe na KCAA. Itisha cheti. Angalia tarehe, halafu angalia kozi zilizoandikwa. Kuidhinishwa kufunza leseni ya kibinafsi si kuidhinishwa kufunza ya kibiashara.

Tatu, omba kukaa darasani siku moja bure. Muulize mwalimu: kwa nini ndege ndogo hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa pale Wilson saa saba mchana kuliko Malindi asubuhi? Mwalimu poa atashika kalamu achore. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, jua linaifanya nyepesi zaidi, injini inakosa nguvu na mabawa yanakosa hewa ya kushika. Akikuambia "hiyo utaipata kwa noti," beba bag yako.

Nne, uliza ni wangapi walipita mara ya kwanza, somo kwa somo. Halafu ongea na wanafunzi nje ya geti, yule wa kuuza kozi akiwa mbali.

Tano, mat. Shule nyingi ziko Wilson, huko Lang'ata Road. Kutoka Thika ama Ruiru ni mat mbili kupitia tao, na jam ya Thika Road unaijua. Ukichukua darasa la jioni, utafika home saa ngapi, na utasoma saa ngapi? Piga hesabu ya nauli ya miezi yote. Pengine kushare bedsitter karibu na huko ni rahisi kuliko kurudia mtihani.

Kuna wale watasema chagua shule yenye ndege nyingi. Kwa kuruka, sawa. Lakini ndege ishirini hazikufundishi hali ya hewa. Na kuruka ndiko kutameza doo: hata kwa kozi iliyoidhinishwa unahitaji angalau saa 150 angani. Kwa hivyo uliza kama unaweza kulipia nadharia peke yake kwanza, na masharti ya kurudishiwa pesa yawe kwa maandishi. Ukikwama kwa nadharia, angalau pesa ya kuruka bado iko.

Jamaa alisoma yote, akajibu: "Lakini shule imesema ofa inaisha Ijumaa."

Bro, mathe hana ploti ingine. Acha Ijumaa ipite.