Penseli Kabla ya Kompyuta: Hesabu za Utabiri Zifundishwe Shuleni

Mvuvi wa Shangani, Mtwara, hahitaji kuambiwa siku za bamvua. Mwezi humjulisha ni lini maji yatakupwa hadi miamba ionekane, na ni lini yatajaa. Elimu hiyo ni ya kweli, kwa sababu mwendo wa mwezi hujirudia. Kimbunga, kwa upande wake, hakifuati kalenda.

Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kilipopiga Lindi, hapakuwa na nchi yoyote duniani iliyotabiri hali ya hewa kila siku kwa kompyuta. Aprili 2019 mambo yalikuwa mengine. Kimbunga Kenneth kilipokuwa bado baharini, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliwatahadharisha wakazi wa Mtwara. Tarehe 25 kiliingia nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, kusini ya Mto Ruvuma. Kwa watu wa mdomo wa mto huo, swali la kimbunga kitapita upande gani lilikuwa swali la uhai, na chombo kikuu cha kulijibu kilikuwa hesabu.

Hesabu hiyo ni ya namna gani? Mwendo wa hewa, wa maji na wa joto huelezwa kwa milinganyo inayoonyesha jinsi kitu kinavyobadilika kufuatana na mahali na wakati pamoja. Mara nyingi milinganyo hiyo haina jibu linaloweza kuandikwa kwa fomula moja. Kwa hiyo wataalamu hutandaza juu ya bahari na anga kitu kilicho mfano wa wavu. Katika kila fundo huandikwa namba, na namba hizo hubadilishwa hatua kwa hatua kwa kutazama mafundo jirani. Kama ilivyo kwa wavu wa mvuvi, jambo dogo kuliko tundu hupenya bila kunaswa.

Njia hii ilibuniwa kabla ya kompyuta. Mwingereza Lewis Fry Richardson aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1922, baada ya kupiga hesabu zake kwa mkono. Jaribio lake lilitabiri kwamba kanieneo ya hewa ingepanda kwa milibari 145 katika saa 6, ambapo kwa kweli haikubadilika sana. Utabiri wa kwanza kwa mashine ya elektroniki ulifanywa Marekani mwaka 1950.

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya Chuo Kikuu, na kwamba kompyuta itayamaliza yenyewe. Rai hiyo haifai kukubaliwa. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne aweza kuuona moyo wa jambo kwa penseli na karatasi.

Na achukue ufito wa chuma wenye nukta tano zilizo mbali sawasawa. Nukta ya kati ina nyuzi 100, nyingine zina sifuri, na ncha mbili hubaki sifuri daima. Kanuni iwe hii: katika kila hatua, kila nukta ya ndani huongezewa robo ya tofauti kati ya jirani wa kushoto na yenyewe, na robo ya tofauti kati ya jirani wa kulia na yenyewe. Baada ya hatua ya kwanza nukta tatu za ndani zitakuwa 25, 50, 25. Baada ya ya pili, 25, 37.5, 25. Joto linasambaa na kupungua, kama inavyotarajiwa.

Sasa mwanafunzi afanye haraka: hatua ya wakati izidishwe mara nne, ili badala ya robo ichukuliwe tofauti nzima. Hatua ya kwanza itatoa 100, −100, 100. Ya pili, −200, 300, −200. Katika ya tatu nukta ya kati itafikia −700. Chuma ni kile kile na sheria ya joto ni ile ile. Wala hakuna kosa la kujumlisha. Kosa pekee ni ukubwa wa hatua.

Bahari nayo ina sharti la jinsi hiyo, lililothibitishwa mwaka 1928 na Courant, Friedrichs na Lewy. Wimbi refu katika kina cha mita 1,000 husafiri karibu mita 100 kwa sekunde. Ikiwa tundu la wavu ni kilomita 1, hatua ya hesabu ya kawaida isizidi takriban sekunde 10. Ikizidi, wimbi litaliruka fundo la jirani kabla hesabu haijaliona. Anayepunguza tundu ili auone vizuri ufuko wa Shangani hulazimika kupunguza na hatua, na kazi huongezeka mara nyingi.

Hapa ndipo ulipo uzito wa hoja. Kompyuta ingeandika ile −700 kwa utulivu ule ule iandikao 37.5. Haina haya wala mashaka. Mashaka ni kazi ya binadamu aliyefunzwa, na taifa linalopokea utabiri bila kuwa na watu wa kuuhoji limekabidhi usalama wa pwani yake kwa wengine.

Wanafunzi wa hisabati ya juu kwa miaka mingi wamefundishwa kanuni ya Simpson na njia ya Newton, mara nyingi kama kanuni za kukariri kwa ajili ya mtihani. Zoezi la ufito lingeongezwa kwa vipindi viwili tu, bila umeme wala maabara. Walimu wasingoje silabasi mpya. Mtoto wa Shangani aliyeiona namba sahihi ikigeuka upuuzi mikononi mwake hatausahau mpaka huo; na siku moja huenda yeye ndiye atakayeulizwa kama kimbunga kitavuka Ruvuma.