Unaomba kazi kwa namba ya nani?

Zamani adabu ya kuomba kazi ilikuwa bahasha safi na shikamoo ya dirishani. Leo, kwa kazi nyingi za serikali Tanzania, dirisha hilo halipo. Maombi hutumwa kwenye mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira, na matangazo yake husema wazi: yakiletwa nje ya utaratibu, hayatafikiriwa.

Tunajua wasikilizaji wetu wengi hujaziwa fomu steshenari. Si vibaya. Ubaya ni pale mwenye steshenari anapoweka barua pepe yake na nywila anayoijua yeye peke yake. Ujumbe wa kuitwa usaili ukija, unamfikia yeye, nawe uko shambani unapalilia. Weka namba yako na barua pepe yako, nywila uiandike kwenye daftari lako. Barua ya maombi usiisahau saini.

Lakini adabu tunaiona ikivunjwa zaidi kwa wadhamini. Matangazo hutaka watatu, na wengi huandika jina la mwalimu wa zamani bila kumwambia. Akipigiwa simu, hata hakukumbuki! Mpigie wewe kwanza: "Shikamoo mwalimu, ni mimi niliyemaliza kwako mwaka fulani. Naomba kazi, naomba nikuandike mdhamini wangu." Mtajie na kazi yenyewe, ajue la kusema.

Ukiitwa usaili, beba vyeti halisi, cha kuzaliwa kikiwemo. Karatasi ya matokeo haipokelewi badala ya cheti.