Mji Uwajali Waendao kwa Miguu

Anayepanga mji huamua pia nani atachoka. Shule ikiwa mbali, mtoto huamka kungali giza. Zahanati ikiwa mbali, mama mjamzito huhesabu nauli kabla ya kuhesabu siku zake. Soko likiwa mbali, muuza mboga hula mtaji wake njiani. Mwenye gari hauoni umbali huo. Kwa hiyo twasema kwamba mpango wa mitaa si jambo la wataalamu peke yao. Ni suala la haki.

Nchi yetu iliwahi kulitambua hilo. Baada ya TANU kuamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, mpango mkuu wa mji uliotolewa mwaka 1976 haukutanguliza gari. Ulikusudia makazi yenye shule, maduka na huduma zake, watu wakitembea kwa miguu au kwa baiskeli, na mabasi yakiyaunganisha makazi hayo. Ulianza na hali ya raia wa kawaida.

Utekelezaji ulikwenda polepole kwa miaka mingi. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, mji umepanuka kwa kasi, na hatari ni kwamba nyumba zitangulie, huduma zifuate baadaye. Dar es Salaam ilikwisha kutuonyesha: mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, uliwapatia wengi viwanja vilivyopimwa, lakini pembezoni watu walihamia kabla huduma nyingi hazijafika.

Wengine watasema kwamba mitaa isiyopimwa, kama Manzese, ina kila kitu karibu. Ni kweli: genge, fundi cherehani na mama lishe wako hatua chache tu. Hapana budi tujifunze kwao kwamba ukaribu si anasa. Kinachopungua huko ni njia salama, mifereji, na nafasi ya watoto kusoma na kucheza. Haki yataka vyote viwili: ukaribu na mpango.

Sisi wenyewe twaijua thamani ya ukaribu. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu husali nyumba kwa nyumba kwa sababu jirani hufikika kwa miguu.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe. Basi viongozi wa walei wahudhurie mikutano ya mtaa na kuuliza waziwazi: kiwanja cha shule kiko wapi? Cha zahanati? Cha soko? Waendao kwa miguu watapita wapi? Na kiwanja cha wote kikivamiwa, tusinyamaze, hata kama mvamizi ni muumini mwenzetu, hata kama anataka kujenga kanisa. Hatuwezi kudai haki kwa wengine huku tumesimama juu ya uwanja wa watoto.